Nguvu na Torki: Kusoma Grafu ya Injini Katika Kipeperushi cha Gari

Chukua vipeperushi viwili vya Kijapani uviweke mezani. Cha kwanza ni cha Toyota Probox yenye injini ya petroli aina ya 1NZ-FE, cc 1,496. Gari hili unalijua: ndilo linalobeba abiria, magunia ya viazi na mabati katika barabara nyingi za Afrika Mashariki. Cha pili ni cha Nissan Leaf ya toleo la kwanza, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwaka 2010. Tafuta mstari ulioandikwa nguvu ya juu kabisa. Vyote viwili vinasema jambo moja: kW 80, yaani 109 PS.

Kwa mtu anayesoma namba moja tu, magari haya ni mapacha. Shuka mstari unaofuata. Probox ina torki ya juu ya Nm 141, nayo inaipata injini ikizunguka mara 4,200 kwa dakika. Leaf ina Nm 280, tena inaipata kuanzia mzunguko sifuri hadi 2,730. Moja ni karibu mara mbili ya nyingine, na bado nguvu ni ile ile. Inawezekanaje?

Ukiweza kulijibu swali hilo kwa fomula na kwa grafu, umeshika mada tatu kwa mpigo: momenti ya kani, kazi na nguvu, na usomaji wa grafu. Karatasi ya Fizikia utaijibu kwa Kiingereza, najua. Naieleza hapa kwa Kiswahili kwa sababu mtahiniwa asiyeelewa jambo kwa lugha anayoiotea hulikariri tu, na alichokikariri humtoroka pale mtungaji anapobadilisha swali kidogo.

Maneno matatu yasichanganywe

Mtaani neno "nguvu" linabeba kila kitu. Tunasema mtu ana nguvu, gari lina nguvu, hata dawa ina nguvu. Katika Fizikia tunayatenga maneno. Kani ni msukumo au mvuto, na kipimo chake ni newton. Torki ni kani inapozungusha kitu. Ni momenti ya kani ile ile uliyoisoma kidato cha pili, na kipimo chake ni newton mita, Nm. Nguvu ni kasi ya kufanya kazi, yaani juli ngapi zinafanyika katika sekunde moja, na kipimo chake ni wati.

Mfano wa torki uko kwenye kila gereji. Fundi anafungua nati ya tairi iliyoganda. Spana ya sentimita 30 inagoma. Anachukua kipande cha bomba, anakichomeka kwenye mpini wa spana ili urefu ufike sentimita 90, na nati inalegea. Mikono ni ile ile na kani ni ile ile. Umbali kutoka kwenye nati umekuwa mara tatu, kwa hiyo torki nayo imekuwa mara tatu:

Torki = kani × umbali wa pembemraba kutoka kwenye mhimili wa mzunguko

Sasa zingatia jambo ambalo watahiniwa wengi hulipita haraka. Fundi anaweza kuning'inia kwenye lile bomba, torki ikawa kubwa sana, na nati isisogee hata kidogo. Hapo torki ipo, lakini kazi iliyofanyika ni sifuri, na nguvu ni sifuri. Torki peke yake haikuambii kama kuna kinachotendeka. Ili kupata nguvu lazima ujue pia mzunguko ni wa kasi gani.

Fomula inayoviunganisha

Kani F ikisukuma kwenye ukingo wa duara lenye nusukipenyo r, katika mzunguko mmoja inasafiri umbali wa 2πr. Kazi ya mzunguko mmoja ni F × 2πr. Lakini F × r ndiyo torki, T. Kwa hiyo kazi ya mzunguko mmoja ni 2πT. Injini ikizunguka mara n kwa dakika, gawanya kwa 60 upate mizunguko ya sekunde moja:

Nguvu = 2πnT ÷ 60, jibu likiwa katika wati.

Ukitaka jibu katika kilowati moja kwa moja, gawanya tena kwa 1,000. Namba zote zisizobadilika zikikusanywa pamoja unabaki na fomula fupi inayofaa kuandikwa nyuma ya daftari:

kW = Nm × n ÷ 9,549

Ijaribu kwenye Leaf. Nm 280 mara mizunguko 2,730, gawanya kwa 9,549: unapata 80. Kipeperushi hakijadanganya. Kisha ijaribu kwenye Probox. Nm 141 mara 4,200, gawanya kwa 9,549: unapata 62, si 80. Je, Toyota wamekosea? Hapana. Kipeperushi cha Probox kinasema kW 80 inapatikana kwenye mizunguko 6,000, si 4,200. Hapo ndipo grafu inapoanza kuwa na faida, maana namba mbili za vilele zimetoka kwenye sehemu mbili tofauti za mstari.

Tugeuze fomula tuone torki ikoje pale kwenye mizunguko 6,000: 80 × 9,549 ÷ 6,000 = Nm 127. Kwa hiyo kutoka mizunguko 4,200 hadi 6,000 torki imeshuka kutoka 141 hadi 127, karibu asilimia 10. Mizunguko imepanda kwa asilimia 43. Nguvu ni zao la hivyo viwili, basi nguvu imeendelea kupanda, kutoka kW 62 hadi 80, ingawa torki inateremka. Hili ndilo jibu la swali linalopendwa: kwa nini kilele cha nguvu huja baada ya kilele cha torki katika injini ya petroli? Kwa sababu baada ya kilele cha torki, kwa muda fulani, mizunguko inaongezeka kwa uwiano mkubwa kuliko torki inavyopungua. Siku torki inapoanza kuporomoka haraka kuliko mizunguko inavyopanda, nguvu nayo inageuka na kushuka.

Na torki inashuka kwa nini? Injini inapozunguka kwa kasi sana, valvu hufunguka kwa muda mfupi mno, silinda haijai hewa vizuri, na msuguano wa vyuma unaongezeka. Hewa kidogo, mafuta kidogo, mlipuko mdogo. Mota ya umeme haihitaji kujaza silinda, ndiyo maana inatoa torki yake yote kuanzia kusimama. Mstari wa torki wa Leaf ni mlalo hadi mizunguko 2,730, kisha unateremka. Mstari wa nguvu ni mteremko ulionyooka unaopanda kutoka sifuri, kisha unalala kwenye kW 80 hadi mizunguko 9,800. Chora grafu hizo mbili kwa penseli kabla hujaendelea. Anayeweza kuzichora bila kutazama hawezi kuyumbishwa na maneno ya muuzaji.

Mkono wa mchoraji

Grafu ya kwenye kipeperushi haichorwi na mwalimu wa Fizikia. Inachorwa na idara ya mauzo. Mara nyingi namba zake ni za kweli. Kinachochezewa ni jicho lako.

Kwanza tazama mhimili wima unaanzia wapi. Chukua torki ya Probox. Ukianza mhimili kwenye sifuri, 127 na 141 ni pointi mbili zinazokaribiana, na mstari unaonekana umelala vizuri, kana kwamba injini inavuta sawasawa wakati wote. Ukianza mhimili kwenye 120 na kuumaliza kwenye 145, pointi ya 127 inakaa visehemu 7 juu ya kitako na ile ya 141 inakaa visehemu 21. Kwa jicho, moja ni mara tatu ya nyingine. Kwa hesabu, tofauti ni asilimia 11. Muuzaji anayetaka kusifu injini tulivu atachora ya kwanza. Anayetaka kusifu injini yenye hasira atachora ya pili. Injini ni moja.

Pili, kuna mihimili miwili ya wima, torki upande mmoja na nguvu upande mwingine, kila mmoja na skeli yake. Mistari miwili inakutana mahali fulani katikati, na utamsikia mtu akisema kwa uhakika kuwa pale inapokutana ndipo injini inafanya kazi vizuri zaidi. Si kweli. Badilisha skeli moja, na mahali pa kukutana panahama. Pale hapana maana yoyote ya Fizikia.

Isipokuwa kwa sharti moja. Wamarekani hupima torki kwa pauni-futi na nguvu kwa nguvu za farasi, na katika vipimo hivyo ile namba yetu ya 9,549 inakuwa 5,252. Wakichora mistari yote miwili kwa skeli ile ile, lazima ikutane kwenye mizunguko 5,252, hata injini iwe ya nani, mradi inafika kasi hiyo, maana hapo n ÷ 5,252 ni moja kamili. Grafu ya aina hiyo inayopita kasi hiyo bila mistari kukutana hapo imechorwa vibaya au ni ya uongo. Kwa Nm na kW, mahali hapo ni mizunguko 9,549, kasi ambayo injini za magari ya kawaida hazifiki kabisa.

Tatu, tazama meza. Injini nyingi za kisasa zenye tabochaja huonyeshwa na mstari wa torki uliolala kama meza. Volkswagen ya 1.4 TSI ya kW 110, kwa mfano, imeandikwa Nm 250 kuanzia mizunguko 1,500 hadi 3,500. Usidhani huo ni uchoraji wa kupendezesha. Meza hiyo ni ya kweli, kwa sababu kompyuta ya injini inazuia msukumo wa tabo ili torki isizidi kiwango kilichopangwa, pamoja na mambo mengine kulinda giaboksi. Ila kumbuka kwamba grafu hupimwa injini ikiwa imetulia kwenye mzunguko fulani, na tabo tayari inazunguka. Barabarani unakanyaga mafuta ukiwa kwenye 1,500, na inakupasa kusubiri kidogo hadi tabo ichangamke. Grafu ya torki na mizunguko haina mhimili wa muda, kwa hiyo kusubiri huko hakuonekani popote.

Na jambo la nne, ambalo halichorwi kabisa: mistari yote ni ya pedali iliyokanyagwa hadi chini. Dereva anayeendesha kwa nusu ya pedali yuko chini ya mstari, hayupo juu yake.

Farasi wa nani?

Kipimo chenyewe cha nguvu za farasi kilizaliwa sokoni. James Watt, mhandisi wa Uskoti wa karne ya 18, aliwauzia injini za mvuke watu waliokuwa wakitumia farasi, na ilimbidi awaambie kwa lugha wanayoielewa: injini hii itafanya kazi ya farasi wangapi. Alikadiria farasi mmoja kuwa sawa na kuinua pauni 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Hiyo ni karibu wati 746. Wajerumani na Wajapani wanatumia farasi mwingine, PS, ambaye ni kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja, yaani wati 735.5. Tofauti ni ndogo, chini ya asilimia 2, lakini idara ya mauzo hupenda farasi mdogo kwa sababu anatoa idadi kubwa. Ukipewa PS katika swali, zidisha kwa 0.7355 upate kW kabla hujagusa fomula.

Tofauti kubwa iko kwenye jinsi ya kupima. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wa Marekani walikuwa wakipima injini ikiwa uchi: bila altaneta, bila feni, bila kichujio cha hewa, bila bomba kamili la moshi. Kuanzia magari ya mwaka 1972 wakahamia kupima injini ikiwa imevaa vyote inavyovaa ndani ya gari. Cadillac Eldorado yenye injini ya lita 8.2 ilitangazwa kwa farasi 365 mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwa 235. Farasi 130 hawakuibwa na mtu. Hawakuwahi kufika barabarani.

Mwaka 2005 kanuni za upimaji zilikazwa tena huko huko Marekani, na Toyota Camry yenye injini ya V6 ya lita 3.0 ikashuka kutoka farasi 210 hadi 190 kwenye karatasi, injini ikiwa ile ile.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Japani, kwa sababu huko namba ilikuwa ikifichwa chini badala ya kupandishwa juu. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Kijapani walikuwa na makubaliano ya hiari ya kutotangaza gari lenye zaidi ya 280 PS. Nissan Skyline GT-R, Toyota Supra, Subaru Impreza WRX STI, Mitsubishi Lancer Evolution: fungua vipeperushi vyao vya miaka hiyo, hakuna linalovuka 280. Lakini hakuna aliyekubaliana kuhusu torki. Lancer Evolution ya nne, mwaka 1996, iliandikwa Nm 353. Ilipofika ya nane katika toleo la MR mwaka 2004, iliandikwa Nm 400, na nguvu bado ni 280 PS. Mnunuzi aliyesoma mstari wa torki alijua gari limebadilika. Aliyesoma mstari wa nguvu pekee aliona kizazi baada ya kizazi hakuna kilichoongezeka.

Torki ya wapi?

Giaboksi ni wenzo unaozunguka. Gia ya uwiano wa 3 kwa 1 huifanya torki mara tatu na kuigawa kasi ya mzunguko kwa tatu. Nguvu, ukiacha inayopotea kwenye msuguano, haibadiliki. Kwa hiyo torki inaweza kukuzwa kwa gia upendavyo; nguvu haikuzwi na gia yoyote.

Mwaka 2020 GMC walipotambulisha Hummer ya umeme, walitangaza torki ya pauni-futi 11,500, karibu Nm 15,600, namba ambayo hakuna gari la kawaida linaikaribia. Ile ilikuwa torki ya kwenye magurudumu, baada ya kuzidishwa na gia. Watengenezaji wengine karibu wote huandika torki ya injini au mota kabla ya gia. Leaf yetu ina gia moja ya uwiano wa karibu 7.94, kwa mtindo huo ingeweza kutangazwa kuwa na Nm 2,200 badala ya 280. Unapolinganisha namba mbili, uliza kwanza kama zimepimwa mahali pamoja. Mtungaji wa mtihani anaweza kukupa torki ya injini na uwiano wa gia halafu akuulize nguvu kwenye gurudumu. Ukizidisha nguvu kwa uwiano wa gia, umepoteza alama zote za kipengele hicho.

Injini ya dizeli ya Toyota Land Cruiser, ile 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, inakupa picha nzuri ya upande wa pili. Ina Nm 285 kwenye mizunguko 2,200 lakini kW 96 tu kwenye 3,800. Torki ni mara mbili ya Probox, nguvu imezidi kwa asilimia 20. Inazunguka polepole, basi.

Hewa ya Mbeya

Viwango vya kimataifa husahihisha vipimo viwe kana kwamba injini imepimwa kwenye hewa yenye joto la 25°C na mgandamizo wa kPa 99, hali inayokaribia usawa wa bahari. Hiyo ni hewa ya Tanga au Mtwara. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni karibu kPa 82. Injini isiyo na tabo hunyonya hewa iliyopo. Kwa kukadiria tu, 82 ÷ 99 ni 0.83, kwa hiyo zile kW 80 za Probox zinakuwa karibu 66 mjini Mbeya. Nairobi iko kwenye mwinuko wa aina hiyo hiyo. Tabo hurudisha sehemu ya kilichopotea kwa kusukuma hewa, na mota ya umeme haidai hewa kabisa. Kipeperushi hakina mstari wa Mbeya.

Hesabu ya mlimani

Sasa tuitumie grafu pale ambapo kuikosea kunagharimu zaidi ya alama. Kila anayepanda Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa ameona gari dogo likijaribu kulipita lori, likaenda nalo sambamba, likashindwa kumaliza, huku kona inakuja. Mara nyingi dereva anaamini ana farasi 109 chini ya mguu wake, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Tupige hesabu kwa namba za kudhani.

Gari lenye injini kama ya Probox, uzito pamoja na abiria na mizigo ni kilo 1,400. Barabara inapanda mita 8 kwa kila mita 100. Kasi ni kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Ukinzani wa hewa na matairi ni newton 400. Chukua g = 10.

Kani ya kupambana na mlima ni 1,400 × 10 × 0.08 = newton 1,120. Ongeza 400: newton 1,520. Nguvu inayohitajika ili kasi isipungue ni 1,520 × 20 = wati 30,400, au kW 30.4.

Dereva yuko kwenye gia ya juu, injini inazunguka mara 2,500 kwa dakika, na tuseme grafu inasoma Nm 130 hapo. Amekanyaga pedali hadi chini. Nguvu ya injini ni 130 × 2,500 ÷ 9,549 = kW 34. Tuseme asilimia 10 inapotea kati ya injini na magurudumu. Inabaki kW 30.6.

Linganisha: inahitajika 30.4, ipo 30.6. Kilichobaki cha kuongeza mwendo ni kW 0.2. Gari halitazimika wala halitarudi nyuma. Litaendelea na mwendo ule ule pembeni ya lori, na hakuna kukanyaga kutakakoongeza kitu, kwa sababu pedali imeshafika sakafuni. Injini haina ubovu. Farasi 109 wanapatikana kwenye mizunguko 6,000, na dereva yuko 2,500, ambako wako 46.

Akishuka gia kabla ya kutoka nyuma ya lori, injini ikafika mizunguko 4,500 na grafu ikasoma Nm 139, nguvu inakuwa kW 65.5, na kwenye magurudumu karibu 59. Sasa kimebaki kW 28.6. Gawanya kwa mita 20 kwa sekunde upate kani: newton 1,430. Gawanya kwa kilo 1,400: mchapuko ni kama mita 1 kwa sekunde kwa sekunde. Torki ya injini imeongezeka kutoka 130 hadi 139 tu, chini ya asilimia 7. Kilichotofautisha ni mizunguko. Na kama hesabu hii ungeifanya kwa hewa ya juu milimani, ile hali ya kwanza ingetoka hasi: gari lingekuwa linapunguza mwendo katikati ya kupita.

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza hapa, "Sasa mwalimu, kipi muhimu, torki au nguvu?" Swali limekaa vibaya. Nguvu iliyopo kwa sasa ndiyo inayoamua kama gari litaongeza mwendo kwa kasi uliyonayo. Umbo la mstari wa torki ndilo linaloamua utalazimika kushuka gia mara ngapi ili kuipata. Andika sentensi hizo mbili kwenye karatasi ya majibu, na msahihishaji atajua umeelewa.

Swali la kujipima

Tangazo la gari linasema: "Torki ya juu kabisa Nm 200 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. Nguvu ya juu kabisa kW 75 kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika." (a) Onyesha kwa hesabu kwamba tangazo hili haliwezi kuwa sahihi. (b) Ikiwa namba ya kW 75 ni ya kweli, torki kwenye mizunguko 4,000 haiwezi kuzidi ngapi?

Jibu. (a) Nguvu kwenye mizunguko 4,000 = 200 × 4,000 ÷ 9,549 = kW 83.8. Hii ni kubwa kuliko kW 75 inayodaiwa kuwa ya juu kabisa. Nguvu ya juu kabisa haiwezi kuzidiwa na nguvu ya sehemu nyingine ya mstari ule ule, kwa hiyo angalau namba moja si sahihi. (b) Nguvu kwenye mizunguko 4,000 haipaswi kuzidi kW 75, basi torki haizidi 75 × 9,549 ÷ 4,000 = Nm 179.

Wengi hukosa kipengele (a) kwa kukimbilia mizunguko 5,500, wakipata kwamba torki ya pale ni Nm 130, wakaona haizidi 200 na kuandika kuwa tangazo ni sahihi. Hesabu hiyo haina kosa, ila imefanywa mahali pasipo na mgongano. Angalia vilele vyote viwili.